Fundi Donati, Adui wa Mitumba

Ungemuuliza mtu wa Kasulu mwaka ule wa tisini na sita kama anamjua Fundi Donati wa Kibiti, angekujibu hapo hapo: "Nani, yule Adui wa Mitumba?" Mtu wa Babati angekujibu hivyo hivyo, na wa Tunduru, na wa Kyela. Sasa rudi Kibiti umuulize Fatu muuza vitumbua, ambaye baraza lake limepakana na kibanda cha fundi mwenyewe, naye angekuuliza: "Yupi, huyu aliyekalia kitambaa changu cha sketi tangu mfungo sita?" Ndivyo alivyokuwa Donati. Kadiri ulivyokaa mbali naye, ndivyo ulivyomwona hodari.

Tusimwonee lakini. Ufundi aliujua, tena barabara. Alitoka kwao Mahenge mwaka themanini na tatu, akamfuata shemeji yake aliyekuwa mganga wa zahanati, akaweka cherehani kando ya barabara kuu, na kwa miaka mingi mtu wa Kibiti akitaka suruali ya kumkaa mwilini alikwenda kwa Donati. Kanzu za Idi, sare za shule, koti la bwana harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Kila kitu ruksa, na mitumba nayo ruksa, marobota yakawa yanashushwa sokoni kila Jumatatu. Suruali ya Mzungu, zipu nzima, mifuko minne, kwa bei ya soda mbili! Nani tena anunue kitambaa, alipe ushonaji, halafu angoje wiki mbili? Hata katekista wake Donati alionekana Jumapili moja madhabahuni na koti lenye nembo ya timu ya mpira ya huko ng'ambo. Siku hiyo Donati hakusikia hata neno moja la mahubiri, alikuwa anaikodolea macho ile nembo.

Kilichomwokoa, kama kuokoka ndiko huko, ni redio. Enzi hizo nchi nzima ilikuwa inasalimiana. Unanunua kadi ya salamu dukani, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimu, unaweka ujumbe na wimbo, unaituma Dar es Salaam, kisha unakaa na redio yako wiki kwa wiki mpaka siku mtangazaji atakapokusoma. Donati alijaza ya kwanza kwa hasira tu. Aliandika: "Mimi ni Fundi Donati, Adui wa Mitumba, Kibiti. Ujumbe: aliyeivaa kwanza yuko kaburini." Mtangazaji alicheka hewani, akairudia mara mbili.

Kesho yake asubuhi kibanda kilijaa watu. Hawakuleta kazi, la, walikuja kumwangalia. Lakini mmoja wao, Abdalah wa kwenye pantoni pale Ndundu, ambaye Donati alikuwa amemweka kwenye orodha ya waliosalimiwa ili kujaza mistari, alikuja na yadi mbili za kitambaa kwapani.

"Fundi, jina langu limesikika mpaka Utete," alisema, huku akijaribu asitabasamu. "Nishonee shati. Halafu ukiniandika tena usisahau kusema 'wa pantoni', maana Abdalah tuko wengi."

Hapo ndipo Donati alipofunguka macho, au alipofumba, chagua mwenyewe. Akaanza kujipigia debe rasmi. Kila aliyeleta kitambaa alisalimiwa redioni. Watu wakaja kutoka Ruaruke, wakaja kutoka Nyamwage, wengine hata hawakumbuki walichotaka kushonewa, walichotaka ni kutajwa. Mteja akifika, Donati hakuchukua vipimo kwanza, alichukua jina, jina la baba, na kijiji, akaviandika kwa kalamu nyekundu na mwandiko wa kupendeza ambao, alivyodai, watangazaji walikuwa wakiugombania. Vitambaa vikapanda kwenye rafu hadi darini. Kwenye cherehani alikaa mkewe, Marsela, akikunja pindo na kushona sare, wakati mheshimiwa yuko mezani anatunga ujumbe. Jina nalo likawa linaota matawi. Adui wa Mitumba likawa Adui wa Mitumba na Bingwa wa Mishono, kisha likaongezwa Mkombozi wa Maharusi, ingawa harusi aliyoikomboa mpaka siku hiyo haikujulikana ni ya nani.

"Baba Elieth," Marsela alimwambia siku moja, "hivi hao wa Kasulu wanaokujua watakuja lini kushona?"

"Wewe hujui biashara ya kisasa," alisema Donati. Alikuwa kweli anaamini anaijua.

Basi ndipo walipokuja watu wa Mbwera, kutoka huko visiwani kwenye mikoko. Alikuja Bi Mwanamkuu na binti yake Faudhia. Mume wa Bi Mwanamkuu, marehemu Kondo, alikuwa mkata boriti. Katika safari yake ya mwisho ya kupeleka boriti Unguja alirudi na satini nyeupe yadi nane, akaitia sandukuni, akasema hii ni ya harusi ya Faudhia, asiiguse mtu. Akafa kabla hata mchumba hajajitokeza. Bi Mwanamkuu aliifungua kanga, akaiweka ile satini juu ya meza ya Donati kwa mikono miwili.

"Baba," alimwambia, "mwanangu hana urithi mwingine kwa babake. Ataolewa na hiki. Na wenzetu upande wa mume wanangoja gauni tu wapange siku. Tumekuja kwako kwa sababu tunakusikia."

"Mama, umefika," alisema Donati, mkono kifuani. "Naapa kwa cherehani hii, binti atavaa satini ya babake mpaka watu wa Mafia waulize."

Aliapa kwa dhati, hilo msimtilie shaka. Siku ile alitaka kweli kushona gauni ambalo hajawahi kulishona. Alimpima Faudhia kifua, kiuno, mabega, urefu, na kwa kuwa daftari la vipimo lilikuwa limepotea tangu mwaka uliopita, akaandika nyuma ya kadi ya salamu iliyokuwa karibu. Faudhia, msichana wa maneno machache, hakuomba kusalimiwa. Yeye alikuwa ameshika pindo la kile kitambaa, anakisugua taratibu kwa kidole gumba.

Walipoondoka, Donati akapiga hesabu. Kadi huchukua wiki sita, saba, kusomwa. Gauni litachukua wiki nne. Kwa hiyo ukiandika leo, itasomwa wakati gauni limeshatundikwa, na wateja watajua kwamba kwa Fundi Donati mambo ni ya uhakika. Akajaza: "Salamu zimfikie bibi harusi mtarajiwa Faudhia binti Kondo wa Mbwera. Ujumbe: gauni lako tayari, njoo ulichukue." Akampa kondakta wa basi akaitie posta Dar. Satini akaiweka kwenye kasha, akafunga kwa kufuli, ili isichafuke.

Wiki iliyofuata hakukata, kwa sababu alialikwa kwenye mkutano wa wasalimiaji Chalinze. Mnacheka? Mkutano ulikuwepo, na ulikuwa na mwenyekiti, katibu na mgeni rasmi. Watu waliokuwa wakitajana miaka miwili bila kuonana walikumbatiana, wakapigana picha, wakala pilau. Na siku ya tatu, saa ya salamu, redio ikiwa imewekwa mezani, mtangazaji akasema: "Kutoka Kibiti, Fundi Donati, Adui wa Mitumba, Bingwa wa Mishono, Mkombozi wa Maharusi, anamwambia Faudhia binti Kondo wa Mbwera, gauni lako tayari, njoo ulichukue!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kadi ile ilikuwa imekaa siku tisa tu. Donati alisimama, akainama huku na huku kama mbunge, na ikampitia kichwani kwamba gauni hilo hata mkasi halijauona, lakini makofi yalikuwa mengi, wazo likapita zake. Alijiambia watu wa Mbwera wataandika barua kwanza. Waandike barua ya nini, wakati redio imeshasema? Mbwera nzima ilikuwa imesikia. Jioni ile ile mshenga alikwenda kwa Bi Mwanamkuu, na kufikia Isha siku ya ndoa ilikuwa imeshapangwa.

Donati alirudi Kibiti Jumanne adhuhuri, kofia mpya kichwani. Wa kwanza kumpokea alikuwa Sadala, muuza mitumba, yule yule ambaye Donati alikuwa akimlaani hewani kila mwezi, na ambaye kwa kweli hakuwa na kinyongo, kwani kila akilaaniwa alikuwa akiuza zaidi.

"Hongera, fundi," alisema Sadala. "Watu wako wa Mbwera wameshuka Nyamisati leo asubuhi, dereva wa lori la samaki kawaona. Kesho wako hapa kuchukua gauni. Ndoa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii, bwana. Kwani ziko ngapi?"

Donati alikimbia, na Donati si mtu wa kukimbia. Alifungua kasha, akaitandaza satini mezani, akachukua mkasi. Marsela alikuwa mlangoni anamtazama.

"Vipimo viko wapi?" aliuliza.

Donati akapekua mezani, akapekua rafuni, kisha akasimama wima, mkasi mkononi. "Niliandika nyuma ya kadi."

"Kadi ipi?"

"Ile iliyosomwa."

Marsela aliketi chini, palepale kizingitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza," alisema. "Kesho waambie ukweli. Watakutukana, na una haki ya kutukanwa. Utampima upya, tutashona mimi na wewe siku mbili, ndoa isogezwe mpaka Jumapili. Hakuna atakayekufa."

"Na jina langu?"

"Jina lako ndilo atakalovaa huyo binti?"

Donati maji yalikuwa yamemfika shingoni, lakini kichwani alikuwa anasikia bado yale makofi ya Chalinze, na aliona jinsi wasalimiaji wa nchi nzima watakavyoambiana. Mkombozi wa Maharusi kamkwamisha bibi harusi! Akaifungia satini kashani, akavuta kofia usoni, akatoka kwa mlango wa uani.

Kwa Sadala aliingilia nyuma, kwenye uchochoro wa maji machafu.

"Karibu, Adui," alisema Sadala. "Umekuja kupigana?"

"Lile gauni jeupe. La harusi. Lipo bado?"

Lilikuwepo. Lilikuwa limetundikwa pale mwaka mzima, ni la satini, lina marinda na lulu za plastiki kifuani, na hakuna aliyelinunua, kwa sababu Kibiti nzima ilikuwa imesikia redioni kwamba aliyeivaa kwanza yuko kaburini. Donati alikuwa amefanya kazi nzuri mno ya kulitunza. Sadala alilishusha, akalikunja kwenye gazeti, na kwa uungwana wake hakusema neno. Alipiga chafya tu, maana gauni lilikuwa na ile harufu ya robota.

Donati alifumua lebo, akatoa lulu nusu ili lionekane la kwetu, akabadili vifungo. Marsela alikataa kata kata kuligusa. Baadaye alichukua beseni, akalifua mara tatu, akalitia udi. "Sikufulii wewe," alisema. "Namfulia mtoto wa watu."

Watu wa Mbwera walifika kesho yake kabla ya saa sita, wakitaka kuwahi kurudi Nyamisati, maana maji yakitoka mashua haiondoki. Bi Mwanamkuu aliliona gauni likining'inia, akasimama. Alilisogelea pole pole. Alilishika upindo kwa mikono miwili, akalipeleka usoni, akavuta pumzi.

"Kondo," alisema. "Kondo, baba, njoo uone! Kitambaa chako hiki. Kimekuwa gauni, Kondo!"

Akalia kwa sauti, hapo hapo barazani, huku amelikumbatia lile gauni. Fatu wa vitumbua akaacha karai motoni akaja kumshika. Watu walikusanyika, na wote walitokwa na machozi, na kila aliyetokwa na machozi alimtazama fundi kwa heshima. Donati alisimama na futi yake shingoni. Alifungua mdomo mara moja. Nani angeweza kusema wakati ule? Labda wewe ungeweza. Yeye aliufunga. Alijisikia mchafu, mchafu kabisa, na wakati huo huo, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Faudhia alilivaa ndani, Marsela akambana kiuno kwa pini na kumtia nyuzi mbili tatu. Binti alishika pindo, akalisugua kwa kidole gumba. Akainua macho akamtazama Marsela kwenye kioo. Marsela akainamia sindano.

Ndoa ikafungwa Ijumaa, na gauni likapata sifa kutoka Mbwera mpaka Salale. Wakaja mabinti wanane mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na satini yake, kila mmoja anataka "kama la Faudhia, na yale marinda". Yale marinda Donati hakuyaweza. Kwa hiyo kila Jumatatu, robota likifunguliwa, Adui wa Mitumba alikuwa wa kwanza uchochoroni, na Sadala akawa anamwekea magauni kando kama mteja wa heshima. Kwa furaha ya mafanikio hayo Donati alijaza kadi saba kwa mpigo, zote zikianza na Faudhia binti Kondo, bibi harusi wa mwaka, aliyevalishwa satini ya babake na Mkombozi wa Maharusi. Jumamosi akampa Marsela azipeleke kwa kondakta.

Jumatano Faudhia alikuja mwenyewe. Alikuwa na mumewe, wanapita kwenda Dar, lakini mume alimwacha kituoni na mizigo. Alimwamkia Donati shikamoo, kwa adabu zote, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nimekuja kuchukua kitambaa changu," alisema.

Donati alijitia hamnazo. "Kitambaa gani, binti? Mabaki? Mabaki yalikuwa madogo sana—"

"Fundi, baba alinipa kile kitambaa nina miaka kumi na mbili. Kila Idi nilikuwa nakitoa nakishika, nakirudisha. Unadhani sikijui?"

Marsela alisimamisha cherehani. Donati alitafuta pa kuweka mikono.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Mama alikuwa analia. Ulisikia alivyomwita baba? Tangu tumzike hajawahi kumtaja kwa jina. Ningesema nini mimi? Nikavaa. Nimeolewa na nguo ya maiti asiyenihusu, kwa sababu wewe ulikuwa unajisalimia."

Donati alifungua kasha. Satini ilikuwa vile vile ilivyokuja, na mikunjo yake ya sandukuni. Faudhia akaisugua pindo, akaifunga kwenye kanga.

"Niachie niishone," alisema Donati, na sasa ilikuwa sauti ya yule fundi wa zamani, wa kabla ya ruksa. "Bure. Usiondoke hapa, nikate mbele yako. Nitakushonea gauni, naapa—"

"Usiape." Alishainuka. "Kuna mama mmoja Bungu anashonea uani kwake. Sijawahi kumsikia popote. Nitampelekea yeye, nitalivaa nyumbani kwangu siku nitakayotaka."

"Na mama? Utamwambia?"

"Mama amefurahi. Mwache." Alifika kizingitini akageuka. "Nakuomba kitu kimoja tu, fundi, na hiki kiheshimu. Jina langu na la baba yangu usiyataje tena redioni. Hata mara moja."

"Sitayataja, binti," alisema Donati. "Nakuahidi."

Faudhia akaaga, akavuka barabara kwenda kwa mumewe. Marsela aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama mumewe, wala hakumuuliza kitu, kwa sababu Jumamosi ile yeye ndiye aliyempelekea kondakta zile kadi saba, na kondakta alikuwa amesharudi akasema zimefika posta salama.